Figo la Cheruto

Daktari Nderitu alipomwambia Cheruto kwamba figo lake limemkubali mdogo wake, Cheruto aliruka kutoka kitini akamkumbatia. Daktari hakulitarajia hilo. Alibaki akitafuta miwani yake kwenye mapaja.

"Kaa kwanza, mama," alisema. "Kukubali ni mwanzo tu. Una mume?"

"Ndiyo. Anaitwa Kiplangat."

"Basi lazima aje. Hapa hatumpasui mwanamke aliyeolewa kabla hatujaketi na mumewe, akasikia, akauliza anayotaka kuuliza, akatia sahihi. Na afanye hima. Madaktari wa kupandikiza wanatoka Nairobi mwisho wa mwezi. Wakishaondoka, siwezi kukuambia watarudi lini."

"Kibii anaweza kuwangoja wakirudi?"

Daktari alilifungua faili, akalitazama, akalifunga. "Mishipa ya mikono imekataa. Ule mpira wa shingoni umeshaingia uchafu zaidi ya mara moja. Kama ni mimi, singengoja."

Kibii alikuwa kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu, amelazwa kando ya wazee wenye umri wa kumzaa. Mwaka juzi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti kule Kaptembwa, mtaa wa Nakuru, kijana aliyebeba mlango wa chuma peke yake huku akipiga mluzi. Sasa mikono yake ilikuwa imebaki mifupa na mishipa, na uso umefura hata macho yakawa madogo. Alimwona dada yake mlangoni akatabasamu.

"Niaje, siz. Usiniambie. Hiyo sura imeshaniambia."

"Tumefanana ndani, Kibii. Hata daktari ameshangaa."

"Na jamaa yako atasema nini?"

"Atakubali."

"Kwani umemuuliza?"

Cheruto alilirekebisha blanketi ambalo halikuwa na kasoro yoyote. "Atakubali," alisema tena.

*

Nyumbani kwao ni Sachangwan, juu ya mteremko, mahali ambapo malori hukohoa mchana kutwa yakipanda kuelekea Molo. Cheruto alimkuta Kiplangat akikamua. Alimweleza yote akiwa amesimama nyuma ya ng'ombe, kwa sababu aliona ni rahisi kusema bila kutazamana. Aliposema habari ya sahihi, sauti ya maziwa kwenye ndoo ilikatika kidogo, kisha ikaendelea.

"Hapana," Kiplangat alisema.

"Hujasikia hata daktari amesema nini."

"Nimesikia. Wanataka wakupasue, watoe kitu ulichowekewa na Mungu, halafu mimi ndiye niandike kwamba nilikubali. Hapana, Mama Jerono."

"Ni Kibii."

"Najua ni Kibii! Si ndiye alinichomelea hii geti na akakataa hata chai?" Aliendelea kuvuta chuchu ingawa maziwa yalikuwa yamekwisha, na ng'ombe akaanza kupiga mguu. "Wewe unajua ndugu yangu alikufa na ule moto wa lori la mafuta lililopinduka hapa. Hujui kwamba aliingia hospitali akiongea. Nilikuwa pale. Aliniambia nimchungie ndama wake, akaniambia nisilie mbele ya watu. Nikarudi nyumbani nikachunga huyo ndama. Kilichorudi kutoka hospitali ni sanduku, na tuliambiwa tusilifungue. Sasa unataka nikupeleke na wewe, ukiwa mzima, bila hata kuumwa kichwa?"

Walikuwa wameoana miaka mingi, na Cheruto hakuwahi kumsikia akimtaja yule ndama. Alichukua ndoo akaenda kuchemsha maziwa.

Asubuhi mama mkwe wake alimfuata shambani, akasimama kwenye matuta ya viazi huku amejishika kiuno. "Nimeambiwa," alisema. "Sasa na mimi nikwambie. Sisi tulitoa ng'ombe tukaoa mtu mzima, hatukuoa nusu. Ukibaki na figo moja, nani atainua magunia? Ukilala kitandani, nani ataosha hao watoto?"

"Mama, daktari amesema nitapona nifanye kazi zangu kama kawaida."

"Huyo daktari atakuja kukulimia?"

Habari ilienea mteremko mzima kabla ya Jumapili. Kwenye maombi ya akina mama, kiongozi wao alifumba macho akamsihi Mungu ampe dada yetu Cheruto hekima ya kulikumbuka boma lake kwanza. Wote waliitikia amina. Cheruto naye aliitikia, maana angefanya nini, akatae maombi? Walipofumbua macho kila mmoja alimtazama kwa upole wa kupita kiasi, na hakuna aliyeuliza Kibii anaendeleaje.

*

Mama yao, Jepchumba, alikuwa na sukari, na ndiyo maana figo lake lilikataliwa siku ya kwanza. Kidonda cha mguuni kilimfanya atembee akiburuta kiatu. Hivyo, siku alipotokea Sachangwan akiwa na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, chini ya kwapa, Cheruto alijua amefika kwa taabu.

"Chamge," mama alisalimia langoni.

Mama mkwe aliitikia salamu. Kisha akasema nyumba inafagiliwa, akamtolea kigoda akakiweka nje, karibu na banda la kuku. Nyumba haikuwa inafagiliwa. Ndani hapakuwa na mtu. Jepchumba alikaa pale, kibuyu mapajani, akisifu kuku, akisifu mahindi, mpaka kivuli kilipomkimbia na jua likamkalia kichwani. Cheruto alipotaka kumwingiza ndani alimkataza kwa macho.

Kiplangat aliporudi, alishtuka kumwona mama mkwe wake juani. Alivua kofia. Kabla hajasalimia, yule mama aliweka kibuyu chini, akajishika ukuta wa banda, akapiga magoti kwenye vumbi mbele yake.

"Baba," alisema, "nisaidie mtoto wangu."

Mkwe hata kumsogelea mama wa mkewe hufanya kwa adabu na kwa umbali. Kupigiwa magoti naye ni jambo lisilo na jina. Kiplangat alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga lango.

"Inuka! Mama, inuka, unanilaani! Mama Jerono, mwinue!"

Watoto walikuwa mlangoni wakitazama. Cheruto alimshika mama yake makwapani akamwinua, na mguu wenye kidonda ukaacha alama ya maji kwenye vumbi. Walipogeuka, Kiplangat hayupo. Alikuwa ameshika barabara kuu akishuka kwa miguu, kofia bado iko mkononi.

Toka siku hiyo akawa mgeni kwake mwenyewe. Alitoka watu wakiwa bado wamelala na kurudi wakiwa wamelala. Chakula alichofunikiwa alikikuta baridi akakiacha baridi. Cheruto akisema, "Baba Jerono, siku zinakwisha," yeye hujibu, "Najua," kisha huenda kuangalia kitu nje.

*

Nesi wa mashine, dada mmoja aitwaye Wangeci, ndiye aliyempigia Cheruto simu.

"Mathe, Kibii yuko kwako?"

"Hapana. Si leo ni siku yake ya mashine?"

"Hajafika. Na mara iliyopita pia hakufika. Simu yake imezimwa. Mathe, mtu wa hali yake hawezi kukaa hivyo. Maji yanapanda mpaka kwenye mapafu."

Cheruto alifika Kaptembwa akiwa bado amevaa aproni ya shambani. Chumba cha Kibii kilikuwa cha mwisho kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, nacho kilikuwa na mlango wa chuma alioutengeneza mwenyewe, akiuonyesha wateja kama mfano. Ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Kibii! Ni mimi."

Kwa muda alisikia kitu kama maji yanayochemka kwenye sufuria ndogo. Kisha akaelewa kwamba ni pumzi ya mdogo wake.

"Siz. Enda nyumbani."

"Fungua."

"Mathe alipiga magoti." Alisema neno, akapumzika, akasema lingine. "Kwa sababu yangu. Mathe, na hiyo mguu. Na wewe, watu wa kwenu hawakusalimii. Sitaki tena. Nimechoka kuombewa kitu kama nguo kuukuu."

"Kibii, fungua tuongee."

"Sioni shida. Inakuja tu pole pole, kama usingizi."

Majirani walijaribu mlango kwa bega, kisha kwa mchi. Mlango ule haukutikisika. Mmoja alisema aitwe fundi, mwingine akamkumbusha kwamba fundi mwenyewe ndiye aliye ndani. Cheruto aliitoa simu mfukoni mwa aproni, akampigia mumewe. Iliita ikakatika. Alipiga tena. Mara hii ilishikwa, lakini Kiplangat hakusema neno. Cheruto aliisogeza simu kwenye upenyo wa mlango akaishikilia pale, karibu na ile sauti ya maji, mpaka mkono ukafa ganzi. Alipoirudisha sikioni simu ilikuwa imekatwa.

Kiplangat alifika na pikapu ya jirani, mtaimbo mkononi. Hakuuliza kitu. Aliuangalia mlango ule kwa makini, akaacha kufuli, akaenda upande wa bawaba, akakita mtaimbo kati ya chuma na ukuta. Tofali zilianza kupasuka. Bawaba za Kibii zilikuwa nzuri, ila ukuta wa mwenye ploti ulikuwa wa mchanga mtupu. Mlango ulianguka mzima mzima na fremu yake.

Kibii alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kitandani, midomo imegeuka rangi. Kiplangat alimbeba mgongoni kama anavyobeba gunia, miguu ya kijana ikiburuta, na njia nzima mpaka kwenye pikapu alikuwa akisema, "Pumua. Pumua, bwana. Pumua."

Jioni ile, baada ya mashine kumtoa Kibii maji na rangi kumrudia, Kiplangat aliketi mbele ya Daktari Nderitu na kofia magotini.

"Anaweza kufa?" aliuliza, akimwonyesha mke wake kwa kidevu.

"Ni nadra sana. Lakini siwezi kukuambia haiwezekani."

"Na siku moja mtoto wetu akihitaji figo, na mama yake ameshatoa?"

"Hilo sina jibu lake," daktari alisema.

Kiplangat aliitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo la kukosa jibu ndilo lililomridhisha zaidi. Alichukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa. Nje kwenye ukumbi Cheruto alitaka kumshika mkono.

"Usinishukuru," alisema. "Ninaogopa vile vile nilivyokuwa ninaogopa. Ila nimesikia ile sauti."

*

Cheruto alipozinduka baada ya upasuaji, ubavu ulimwaka moto na ulimi ulikuwa mzito. Mumewe alikuwa kando ya kitanda, hajanyoa.

"Amekojoa?" Cheruto aliuliza.

Hilo ndilo lililokuwa swali la wote. Madaktari walikuwa wamewaeleza kwamba figo likishashonwa mahali pake, dalili ya kwanza kuwa liko hai ni mkojo. Mama alikuwa ukumbini akimuuliza hilo kila aliyepita amevaa koti jeupe, hata mfagiaji. Kiplangat alikuwa akienda wodi ya Kibii, anachungulia mfuko uliotundikwa chini ya kitanda, anarudi na habari.

"Kidogo," alisema. "Una damu damu. Lakini wanasema ni mkojo."

Cheruto alicheka, mshono ukamkamata, akalia kwa uchungu huku akicheka. Ukumbini mama alisikika akipiga vigelegele mpaka askari akaja kumtuliza. Siku ile hata mama mkwe alipiga simu. Hakuuliza mengi. Aliuliza kama wanampa uji.

Kesho yake Kiplangat alirudi kutoka wodi ya Kibii akachelewa kuketi.

"Umeongezeka?"

"Wanangoja," alisema.

"Wanangoja nini?"

"Umesimama. Wanasema saa zingine figo inalala kwanza, halafu inaamka."

Walingoja liamke. Kibii alianza kupata homa na tumbo likawa gumu upande ule. Walimpeleka kupigwa picha ya tumbo, wakamrudisha, kisha wakamkimbiza chumba cha upasuaji tena, na safari hii hakuna aliyesimama kueleza. Daktari Nderitu alikuja mwenyewe baadaye, akavuta kiti, akakaa chini kabisa hata akawa sawa na mto wa Cheruto.

"Mshipa wa figo uliganda damu," alisema. "Tulipofungua, lilikuwa limeshakuwa jeusi. Tumelitoa ili lisimuue. Yeye yuko hai. Hili si kosa la mtu, mama. Si lake, si lako. Hutokea."

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Sasa yeye amebaki na figo gani?"

"Anarudi kwenye mashine."

Cheruto aligeuza kichwa akamtazama mumewe. Alikuwa anangoja aseme kwamba alimkanya. Mumewe alikuwa na haki ya kusema, na kwa kweli Cheruto alitaka aseme, amfokee, ili apate mtu wa kumkasirikia. Kiplangat alikuwa anatazama sakafu. Alisogeza mkono wake ukapanda kitandani, ukamshika kifundo cha mguu juu ya blanketi, ukakaa pale.

*

Nyumbani hakuruhusiwa kuinua hata ndoo. Kiplangat aliinua magunia yake na ya mkewe, akateka maji, akajifunza kusuka nywele za Jerono vibaya. Mama mkwe alileta uji kila asubuhi, akauweka mezani, akaondoka. Hakusema, "Nilikuambia." Kunyamaza kwake kuliingia kila chumba.

Wengine walisema kwa niaba yake. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua viazi barabarani alimkagua Cheruto juu chini, akainama karibu naye. "Ni kweli uliuza? Mimi ni mtu wa siri. Walikupa ngapi?" Cheruto alimfungia viazi vyake, akamrudishia chenji, akaingia ndani akajifunika shuka mpaka jua likatua. Kibii hakupokea simu zake. Wangeci ndiye aliyemwambia kwamba anafika kwenye mashine, lakini haongei na mtu.

Mshono uliporuhusu, Cheruto alikwenda Nakuru. Kiplangat alimsindikiza mpaka mlango wa chumba cha mashine, akasema atangojea nje, humo ndani harufu inamshinda. Kibii alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Alimwona dada yake akageuza uso ukutani.

"Umekula?" Cheruto aliuliza, akivuta kiti.

Mashine ilizunguka.

"Sikutoka Sachangwan na huu mshono nije kuangalia kisogo."

"Siz, wacha tu." Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeitumia. "Hiyo kitu ilikuwa inakufanyia kazi poa. Hukuwa hata unajua iko. Imekuja kwangu, siku mbili, nikaiua."

Cheruto aliyapitia kichwani maneno yote aliyopewa yeye, ya pasta, ya daktari, ya wanawake wa maombi, asione hata moja la kumpa. Kulikuwa na swali lililomkaa kifuani tangu alipotoka wodini, ambalo aliona aibu kumuuliza mtu. Wangeci alikuwa anapita na trei.

"Sister," alimwita. "Ile figo yangu ilienda wapi?"

Wangeci alisimama. "Ilienda maabara kwanza, mathe, wakaichunguza."

"Halafu?"

"Halafu…" Nesi aliangalia huku na kule. "Vitu kama hizo huchomwa. Kuna mahali kule nyuma."

"Peke yake?"

"Hapana, na zile zingine. Mabandeji, glavu, vitu kama hivyo. Pole, mathe."

"Na nani alikuwa hapo?"

"Kuna jamaa fulani wa kuchoma," Wangeci alisema, akaondoka haraka na trei yake.

Cheruto alibaki amekaa. Nje mtu alikuwa anapiga honi bila sababu. Kisha aliona mabega ya Kibii yakitikisika chini ya shuka, akafikiri analia, akanyoosha mkono.

Kibii alikuwa anacheka.

"Yaani siz," alisema, bado ameuangalia ukuta, "imezikwa na glavu. Hata chai haikupikiwa."

"Kibii, nyamaza."

"Hata pasta hakuitwa. Jamaa mmoja tu, na koleo."

Cheruto alijaribu kukasirika. Kitu kilimpanda kutoka tumboni, akakishika mshono kwa mikono miwili, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka, kikubwa, cha aibu, hata mzee wa kitanda cha pili akafumbua macho. "Na wale wa maombi," alisema akihema, "walikuwa wanaombea nini siku hiyo?" Kibii alijipinda kwa kicheko, mpira ukakunjika, mashine ikaanza kulia pii, pii. Wangeci alirudi mbio.

"Nyinyi wawili! Mnataka kuniharibia kazi? Kibii, nyoosha shingo!"

Alinyoosha. Mashine ilinyamaza. Walijifuta macho, mmoja kwa kanga na mwingine kwa shuka ya hospitali, na walipoanza kujifuta ndipo machozi yalipozidi, wala si ya kucheka tena. Cheruto alisogeza kiti akaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi, kwa sababu damu yake yote ilikuwa inapita nje. Waliketi hivyo mpaka dawa ya mzee wa kitanda cha pili ilipokwisha kwenye chupa na kubadilishwa.

"Alhamisi utakuja?" Kibii aliuliza.

"Wewe utakuja?"

Kibii aliutazama mpira ulioelekea shingoni mwake, mwekundu, ukitoka na kurudi.

"Nitakuja," alisema.